Uongo mmoja, hesabu nyingi: kazi ya kila siku ya mwandishi wa riwaya za kisayansi

Riwaya ya kisayansi husimama juu ya uongo mmoja. Injini ambayo haijawahi kuundwa, dawa ya kuzuia uzee, mashine inayosoma ndoto: mwandishi anamwomba msomaji amkubalie hilo moja, na mpenzi wa riwaya hizi hukubali bila ubishi, maana ndilo alilolifuata. Asilokubali ni uongo wa pili ulioletwa kuziba matundu ya ule wa kwanza. Ndiyo sababu kazi hii, siku hadi siku, haifanani na watu wanavyoidhania. Kuwazia mwaka 2400 ni shughuli ya wiki chache. Miezi inayobaki ni ya uhasibu: nani yuko wapi, ni saa ngapi kwake, ana hewa ya siku ngapi, na ule ujumbe alioutuma katika sura ya nne umeshafika au bado uko njiani.

Tuchukue uongo mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme umejipa injini inayosukuma chombo bila kupumzika, kwa nguvu ile ile ambayo Dunia inatuvuta nayo. Ni uongo mzuri. Abiria wanasimama sakafuni kama kawaida, hakuna anayeelea, na safari inakuwa fupi. Fupi kiasi gani? Chombo kinaongeza kasi hadi katikati ya njia, kinajigeuza, kisha kinasukuma kinyume mpaka kifike kikiwa kimetulia. Ili kupata muda wa safari, chukua umbali kwa mita, gawanya kwa 9.81 (kipimo cha uvutano wa Dunia), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili. Jibu ni sekunde. Mirihi ikiwa kilomita milioni 100 kutoka Duniani, abiria wako wanafika kwa saa 56 hivi. Roketi za kweli, zinazowaka kwa muda mfupi kisha zikaachwa ziteleze kwenye mzingo wake, huchukua miezi sita hadi tisa.

Wengi huishia hapo, wamefurahi. Lakini hesabu hiyo hiyo ina jibu la pili. Katikati ya njia, chombo kile kinakwenda kilomita 990 kwa sekunde. Kikiwa na tani 1,000, nishati ya mwendo wake inalingana na megatani 117 za TNT, yaani tani milioni 117 za kilipuzi hicho. Bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la mwaka 1961, lilikuwa la megatani 50 hivi. Kwa hiyo kila chombo cha abiria katika riwaya yako ni silaha inayozidi bomu lile mara mbili, na nahodha mmoja mwenye kinyongo anaweza kuufuta mji. Sasa ndipo kazi inaanza. Serikali gani itampa mtu binafsi leseni ya kitu kama hicho? Ufunguo wa pili wa injini anakaa nao nani? Chombo kikichelewa kujigeuza kwa dakika 20, kinadunguliwa kwanza au kinaulizwa kwanza? Kampuni ya bima inaandika nini kwenye mkataba? Watoto wa mji ulio kwenye njia ya vyombo hivyo wanafundishwa wimbo gani wa tahadhari shuleni?

Mimi sianzi sura ya kwanza kabla ya zoezi dogo ambalo halizidi ukurasa mmoja. Juu unaandika uongo wako kwa sentensi moja. Ukihitaji sentensi mbili, una uongo wa pili, punguza. Chini yake unajibu: nani anaukarabati, unakula nini (nishati, fedha au muda wa watu), unaharibikaje, mwizi ataufanyia nini, nani amepoteza riziki kwa sababu yake, na ni sheria gani ilitungwa baada ya ajali ya kwanza. Jibu kila swali kwa kumtaja mtu mwenye kazi, si kwa maelezo. Badala ya “teknolojia hii iliathiri usafirishaji”, andika “rubani wa zamani wa meli za mizigo, sasa anauza vipuri”. Swali la mwizi ndilo linalozaa kuliko yote. Kifaa ambacho hakuna anayefikiria kukiiba, kukighushi au kukitumia kumpeleleza mkewe, bado hakijaeleweka na mwandishi wake.

Ukichagua kutojipa injini ya uongo, deni linahamia kwenye mafuta. Roketi ya kemikali iliyo bora hutoa moshi wake kwa kasi ya kilomita 4.5 kwa sekunde hivi. Kupata badiliko la mwendo la kilomita 9 kwa sekunde, chombo kikiwa kimejaa mafuta lazima kiwe kizito mara 7.4 kuliko kikiwa kitupu. Ukitaka kilomita 18, uwiano haupandi hadi 15; unaruka hadi 55. Hii ndiyo sababu wahusika wako hawawezi “kugeuza kidogo” kumrudia mwenzao aliyesahaulika, na mhariri anayejua mambo ataiona sentensi hiyo kabla hajaona kitu kingine.

Daftari la hesabu

Fungua jedwali la Excel, au daftari la karatasi kama unalipenda zaidi, siku ile ile unayoanza rasimu. Mstari mmoja kwa kila tukio. Safu: sura, tarehe na saa ya Dunia, tarehe na saa ya mahali tukio linapotokea, umbali kati ya wanaowasiliana, muda wa ishara, waliopo, hewa na mafuta yaliyobaki, majeraha na vitu vilivyoharibika. Safu ya mwisho inadharauliwa sana. Mhusika akivunjika kidole katika sura ya sita, katika sura ya tisa hawezi kufunga mkanda wa suti kwa mkono huo, na kama suti ilitobolewa, nani aliiziba na kwa kitu gani?

Safu ya muda wa ishara ndiyo inayoponya au kuua mazungumzo. Mwanga, na redio pamoja nao, huenda kilomita milioni 18 kwa dakika. Chukua umbali kwa mamilioni ya kilomita, gawanya kwa 18, una dakika zako. Mirihi ikiwa karibu kabisa, kama kilomita milioni 55, ujumbe unafika kwa dakika tatu. Ikiwa mbali kabisa, kilomita milioni 400 hivi, ni dakika 22, na jibu lina dakika 22 zake. Hapo hakuna simu tena, kuna barua. Wahusika hujifunza kusema mambo matano kwa mkupuo, kujibu swali ambalo halijaulizwa, na kuomba radhi kabla hawajajua kama wameudhi. Mwezini ni sekunde 1.3 tu kwenda, na hata hizo zinatosha kuharibu ugomvi wa wapenzi, kwa sababu kila jibu linachelewa kana kwamba mwenzako anatunga. Tena kuna jambo ambalo waandishi hulisahau: kila baada ya miezi 26 hivi Mirihi hupita nyuma ya Jua ikitazamwa kutoka Duniani, na kwa karibu wiki mbili mawasiliano hayaaminiki. Wiki mbili bila amri kutoka makao makuu! Anayelalamika kwamba amekosa msuko hajatazama kalenda.

Hewa na chakula vina hesabu rahisi. Mtu mmoja hutumia oksijeni kama kilo 0.84 kwa siku, na hutoa hewa ukaa kama kilo moja. Watu 40 kwa siku 270 wanahitaji tani tisa za oksijeni. Chakula pamoja na vifungashio vyake, kwa kilo 1.8 kwa mtu kwa siku, kinapita tani 19. Maji ya kunywa na kupikia, lita tatu kwa mtu, ni lita 32,400, lakini hapo mtambo wa kusafisha maji unabadilisha mchezo. Mwaka 2023 NASA ilieleza kwamba Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimefikia kurejesha asilimia 98 ya maji, jasho na mkojo vikiwemo. Kwa kiwango hicho upotevu wa safari nzima haufiki lita 700. Mtambo ukishuka hadi asilimia 90, upotevu unapita lita 3,200. Tofauti hiyo kati ya 98 na 90 ni sura tatu za riwaya: fundi anaiona kwenye kipimo, anainyamazia siku mbili, kisha anaanza kuchunguza nani anaoga.

Kwenye hewa, kumbuka kwamba chumba kilichofungwa hakimuui mtu kwanza kwa kukosa oksijeni. Hewa ukaa ndiyo inayotangulia: kichwa kinagonga, usingizi unakuja, akili inazubaa. Kwa mwandishi hii ni bora kuliko kukabwa, kwa sababu mhusika anafanya uamuzi mbovu huku akiamini anafikiri vizuri.

Gurudumu linalozunguka ili kuiga uvutano wa Dunia, watu wakisimama upande wa ndani wa ukingo wake, lina kanuni moja fupi: chukua 894, gawanya kwa mraba wa mizunguko kwa dakika, unapata nusu kipenyo kwa mita. Mzunguko mmoja kwa dakika, mita 894. Miwili, karibu mita 224. Minne, mita 56, na hapo watu wengi wataanza kusikia kichefuchefu wakigeuza kichwa haraka. Ukitaka uvutano wa Mirihi, zidisha jibu kwa 0.38. Chombo kidogo chenye gurudumu la nusu kipenyo cha mita kumi, ambacho wachoraji wa majalada wanakipenda mno, kinatakiwa kuzunguka mara tisa na nusu kwa dakika, na mtu mzima aliyesimama humo ana kichwa chepesi kwa asilimia 17 kuliko miguu. Mtoe humo.

Kisha saa. Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Kila baada ya siku 36 au 37 za huko, kalenda ya Mirihi imeachwa nyuma siku nzima na ya Dunia, kwa hiyo mkutano wa “kila Jumatatu” unahitaji kuamuliwa ni Jumatatu ya nani. Mwaka wa huko una siku 687 za Dunia, na mtoto wa “miaka kumi” anakaribia miaka 19 yetu. Kwetu tunaoandika Kiswahili kuna mtego zaidi. Saa zetu zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, na kituo kilicho kilomita 400 juu ya Dunia huizunguka kila baada ya dakika 90 hivi, kikiona macheo 16 kwa siku. Saa moja ya asubuhi ipi? Amua mapema. Mimi napendelea wafanyakazi wa kituoni wahesabu saa tangu zamu yao ilipoanza, hivyo watu wawili kwenye meza moja, mmoja anakula cha asubuhi na mwingine cha usiku, wote wanaweza kuwa kwenye saa mbili.

Roboti imezimika, roboti amezimia

Katika Kiswahili huwezi kuandika sentensi moja kuhusu mashine bila kusema kama unaihesabu miongoni mwa watu au miongoni mwa vitu. “Roboti imezimika” ni taarifa ya fundi. “Roboti amezimia” ni habari ya msiba. Usiliache jambo hili lijiamue lenyewe, kwa sababu litajiamua ovyo na msahihishaji ataliona kosa la sarufi. Weka kanuni kwenye daftari: nani anatumia upatanisho upi, na tangu sura ya ngapi. Nahodha anaweza kusema “imesema” kitabu kizima, fundi akasema “amesema” tangu ukurasa wa kwanza, na mtoto akahama katikati, bila mtu yeyote kwenye hadithi kulitaja jambo hilo. Viumbe wa sayari nyingine nao wanapata nafuu, kwani “a-” haisemi kama ni mume au mke. Unaweza kumaliza riwaya nzima bila kufunua, na msomaji asijue kwamba amefichwa.

Majina ya vifaa ni bora yatoke kwenye kazi zake: kidakanuru, kipimahewa, kifyonzajoto. Msomaji anakielewa kifaa kabla hujakieleza. Kama tayari kuna neno ambalo fundi angelitumia, litumie hilo. Rejeta ya chombo cha angani bado ni rejeta. Neno jipya moja kwa ukurasa linatosha katika sura za mwanzo, na litumike mara tatu katika vitendo vinavyolieleza kabla ya tukio kubwa kulitegemea. Majina ya wageni yenye alama za kukata sauti katikati na konsonanti nne mfululizo, ambayo msomaji hawezi kuyatamka, yanarukwa na jicho, na wahusika wawili wa namna hiyo wanakuwa mtu mmoja kichwani mwake.

Meza ya asubuhi

Kuandika kwenyewe ni saa mbili au tatu, kabla simu haijaanza. Maneno 500 hadi 800 ni kiwango kinachobebeka. Kwa maneno 600 kwa siku, rasimu ya maneno 90,000 inahitaji vikao 150. Wanaojipangia maneno 2,000 huvumilia wiki moja, kisha wanaanza kuandika maelezo ya mandhari ili kujaza kiwango.

Adui wa kikao ni swali dogo la kisayansi. Unaandika kwamba wamebeba betri, unajiuliza ina uzito gani, unafungua intaneti, na saa nzima inakwenda. Weka alama, endelea. Alama nzuri ni XX, kwa kuwa X haimo katika maneno ya Kiswahili na kompyuta ikiitafuta haikuletei takataka: “Waliburuta betri (XX uzito?) hadi mlangoni.” Maswali hayo yanakusanywa na kujibiwa mchana, yote kwa pamoja. Kuna alama moja tu isiyoruhusiwa kusubiri: ile ambayo jibu lake linaweza kubadili nani anaishi na nani anakufa. Hiyo simama uitatue, la sivyo utaandika sura tano zitakazotupwa.

Mchana ni wa kusoma. Hazina ya ripoti za kiufundi za NASA na makala za arXiv, hifadhi ya utafiti mtandaoni, zinapatikana bure. Usisome kama mwanafunzi wa mtihani. Soma muhtasari, kisha nenda moja kwa moja pale watafiti wanapoeleza mipaka ya kazi yao na kilichowashinda. Hadithi hukaa huko. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua chumvi za pakloreti katika udongo wa Mirihi, na chumvi hizo ni sumu kwa tezi ya shingo. Tangu hapo, mkulima wa kwenye riwaya anayepanda viazi katika udongo wa huko bila kuuosha anatia watu wake sumu. Maji ya kuoshea yanatoka wapi? Rudi kwenye zile lita 700.

Jioni hifadhi nakala mbili za kazi ya siku, moja ikiwa nje ya nyumba, na faili liwe na tarehe kwenye jina. Faili linaloitwa “mpya-kabisa-mwisho2” limeshawahi kupotosha watu makini.

Kueleza bila kuhutubia

Kosa linalotambulisha rasimu changa ni hili: “Kama unavyofahamu, Nahodha, chombo chetu kinazunguka mara mbili kwa dakika ili tupate uvutano.” Nahodha anafahamu. Anayeambiwa ni msomaji, na anajua kwamba ni yeye anayeambiwa. Tazama njia nyingine. Katika gurudumu lile la nusu kipenyo cha mita 224, kitu kikiachiwa kutoka urefu wa mita moja na nusu hakianguki wima. Kinatua sentimita 12 hivi nyuma, kinyume cha mzunguko. Basi: “Aliachia funguo mbele kidogo ya kiganja cha mwanawe, zikapinda hewani, zikaingia mkononi. Mgeni, alipojaribu, alidaka hewa.” Mzunguko umeelezwa, mgeni na mwenyeji wametofautishwa, wala hakuna aliyehutubia.

Kanuni ninayoitetea ni kwamba maelezo huja mahali ambapo mtu ana haja nayo, na haja kubwa kuliko zote ni kitu kilichoharibika. Mtambo wa hewa unaofanya kazi hauna sababu ya kuelezwa. Ukikwama, fundi ataufungua kipande kwa kipande, na msomaji ataishika kila sehemu kwa sababu anataka ufufuke. Baada ya hapo futa theluthi ya ulichoeleza. Hesabu uliyoifanya kwa siku nzima huenda ikaonekana kwenye kitabu kama tarakimu moja, au isionekane kabisa. Wanaoona uchungu kuifuta huishia kuandika mwongozo wa mtumiaji.

Makosa yanayojirudia nitayapitia haraka, kwa kuwa yameshasemwa sana. Angani hakuna mlio wa mlipuko unaosikika kutoka chombo cha jirani, ila mtetemo hupita kwenye chuma unachokishika. Mtu asiye na suti hapasuki wala hagandi papo hapo; utupu hauna hewa ya kumnyang’anya joto. Anabaki na fahamu kwa sekunde 10 hadi 15. Mwaka 1966 mfanyakazi mmoja aliyekuwa akijaribu suti kwenye chumba cha utupu cha NASA alizirai baada ya sekunde 14 hivi bomba la suti lilipochomoka. Aliponea, na akakumbuka mate yakichemka ulimini. Joto nalo ni tatizo kuliko baridi: chombo chenye injini kali lazima kilimwage kwa mionzi, kwa hiyo kina rejeta kubwa, na rejeta kubwa hupigwa risasi kwanza. Sayari nzima yenye hali ya hewa moja ni uvivu. Na kasi ya karibu na mwanga haileti tofauti kubwa ya umri mpaka iwe kubwa kweli: kwenda Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, miaka ya nuru 4.24, kwa moja ya kumi ya kasi ya mwanga ni zaidi ya miaka 42, na msafiri anaokoa siku 78 tu. Kwa tisa ya kumi ya kasi hiyo, miaka 4.7 ya Dunia ni miaka miwili kwake.

Usitaje mwaka kama huna lazima. Kuandika ni mwaka mmoja au miwili, uchapishaji huweza kula mwingine, na kifaa ulichokipa mwaka 2040 huenda kikawa dukani kabla ya kitabu.

Kusahihisha na kutuma

Pitia mswada mara nne, kila safari kwa kazi moja. Kwanza msuko, bila kugusa sentensi. Pili hesabu: fungua jedwali, fuata kila mstari, tafuta kila XX. Tatu lugha na upatanisho. Nne kwa sauti, na hapa masikio yatakamata mazungumzo ambayo macho yameyazoea. Anayechanganya kazi hizi mbili mbili hujikuta amepamba tukio ambalo kesho yake linafutwa.

Wasomaji wa majaribio wanatosha watatu. Mmoja mlevi wa riwaya hizi, atakayekuambia kwamba wazo lako limeshachakaa. Mmoja asiyezisoma kabisa, naye umwombe jambo dogo tu: apige mstari pale aliporuka. Mistari yake ikikutana kwenye maelezo ya injini, ujue. Wa tatu ni mtaalamu wa fani husika, daktari au mhandisi au mwanajiolojia, na huyu usimtwishe mswada mzima. Mpe kurasa tano na maswali matatu yenye jibu: “Mgonjwa huyu angeweza kuongea?” “Kingevunjika kipi kwanza?” “Wenzako kazini wangekiitaje hiki?” Swali la tatu linakupa lugha ambayo hakuna kitabu kitakupa.

Kabla ya kutuma, jua umeandika kitu cha ukubwa gani. Tuzo za Hugo na Nebula, zinazojulikana sana katika fani hii, huita riwaya kazi inayoanzia maneno 40,000. Kati ya 17,500 na 40,000 ni riwaya fupi, na chini ya 7,500 ni hadithi fupi. Wachapishaji wengi wa riwaya hupenda maneno 80,000 hadi 120,000. Vipimo hivyo vimeshonwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinabana: “sitamwambia” ni neno moja, kwa hiyo maneno 80,000 yetu ni kitabu kinene zaidi. Herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba. Muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili ufunue mwisho. Mhariri si abiria wa kushtukizwa. Soma pia masharti kuhusu akili unde. Mwaka 2023 jarida la hadithi za kisayansi la Clarkesworld lilisimamisha kwa muda kupokea hadithi baada ya kufurikwa na kazi zilizotungwa na programu, na sasa majarida mengi yanadai tamko la wazi.

Mkataba ukija, kifungu cha asilimia ya mrabaha ndicho kinachosomwa na kila mtu. Soma vile vingine. Haki zinarudi lini kwako kitabu kikiacha kuuzwa, na “kuacha kuuzwa” kunapimwa kwa nakala ngapi, maana kitabu cha kielektroniki hakimaliziki kamwe dukani? Tafsiri, sauti na filamu zimeuzwa pamoja au zimebaki kwako? Na kile kifungu kinachochukua haki “kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa baadaye”: katika watu wote, mwandishi wa riwaya za kisayansi ndiye asiyepaswa kukitia saini bila kubishana.

Prufu, yaani kurasa za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, zikirudi kutoka kwa mpangaji wa kurasa, acha herufi kwanza, angalia tarakimu. Programu za kupanga kurasa hupenda kushusha vipeo, na 10⁶ inakuwa 106, yaani milioni moja imekuwa mia moja na sita. Alama ya kutoa huliwa mwishoni mwa mstari, na nyuzi 60 chini ya sifuri zinageuka joto la jangwani. Toa orodha ya namba zote kutoka kwenye jedwali lako, kaa na mtu, yeye asome kutoka kwenye prufu na wewe uweke tiki.